Mbwa wa Jirani Akiuma
Aliyeumwa na mbwa wa jirani huko Rutamba, mkoani Lindi, huenda akaona haya kufika zahanati kwa kuchelea kuvunja ujirani. Lakini dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha chanjo ianzishwe bila kusubiri. Kuanzia 2010 mbwa wa Lindi walichanjwa katika mradi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani; hata hivyo, kila mwaka huzaliwa wengine wasio na kinga. Mbwa asiuawe kwa hasira. Hapa ujirani una faida: mwenyewe anajulikana, basi mnyama afungwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima, daktari aweza kusitisha chanjo. Akiugua au kufa, mtaalamu wa mifugo aarifiwe siku hiyohiyo.