Kusafisha Kompyuta ya Kikundi Bila Kupoteza Hesabu

Vikundi vingi hapa Meru na Embu siku hizi vina kompyuta, mara nyingi moja tu, nayo hukaa nyumbani kwa katibu. Ndani yake mna michango, mikopo, mauzo ya maziwa, hata nambari za vitambulisho vya wanachama. Mashine ikianza kujivuta, tangazo hutokea kwenye intaneti: ati ina makosa elfu moja, bonyeza hapa isafishwe bure. Tusibonyeze! Ukurasa wa intaneti hauwezi kukagua diski yetu na kuhesabu makosa.

Ni kweli kompyuta hujaa takataka. Programu huacha faili za muda, na diski ikikaribia kujaa, kazi huenda polepole. Kuziondoa ni kama palizi. Lakini programu ya kusafisha hupewa ruhusa ya kufuta karibu kila kitu, kwa hivyo tujue ni nani tunayemkabidhi jembe, asije akang'oa mahindi pamoja na magugu.

Hata jina kubwa si kinga. Mwaka 2017 wahalifu waliingiza programu ya hila ndani ya CCleaner, iliyopendwa sana duniani. Kampuni yenyewe ilisema toleo hilo lilifika kwa watumiaji wapatao milioni 2.27. Nao walikuwa wanataka usafi tu!

Basi tufanye hivi:

1. Kwanza tunakili faili za kikundi kwenye flashi, kisha tuichomoe na kumpa mweka hazina aitunze. Daftari la karatasi pia lisitupwe.

2. Tutumie kifaa kilichomo tayari. Kwenye Windows 10 na 11, fungua Settings, kisha System, kisha Storage, halafu Temporary files. Soma orodha kabla ya kukubali. Usiguse Downloads mpaka uangalie kilichomo, kwani huenda taarifa ya benki iliwekwa humo.

3. Tuondoe programu ambazo hakuna anayezitumia.

4. Ikibidi kutafuta programu nyingine, tuichukue kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwenye flashi ya kuazima. Tunapoiweka, tusome kila ukurasa, maana nyingine huja na wenzake. Ile inayotutisha kwanza kisha inadai pesa, tuikatae.

5. Kuzuia virusi ni kazi nyingine. Windows Security imo ndani bila malipo. Tuhakikishe imewashwa na inapata masahihisho yake.

Baada ya hayo, kama mashine bado ni nzito, huenda diski imechakaa au kumbukumbu yake ni ndogo. Hapo hakuna programu itakayosaidia. Tumwite fundi tunayemjua.

Katika mkutano ujao, hebu tuulizane: kompyuta ikifa leo usiku, nakala ya hesabu zetu iko kwa nani? Kama hakuna anayejibu, tuanze na hatua ya kwanza siku hiyo hiyo.