Homoni baada ya upasuaji: usilipe pauni 118 kwa dawa ya pauni 19.80

Kama umeshafanyiwa upasuaji wa kubadili jinsia, unaishi England na umeandikiwa estrojeni na NHS, acha kulipia dawa dirishani kila mwezi. Nunua cheti cha mwaka. Nawaandikia hasa watu wa kwetu, tuliotoka Matombo, Mkuyuni na Morogoro mjini, ambao kila pauni ina mwenyewe nyumbani: ada ya mtoto wa dada, bati za mama.

Hesabu ni hii. Tangu Mei 2024 kila dawa unayoandikiwa England ni pauni 9.90, na mwaka 2025 bei haikupanda. Unalipia kila aina ya dawa, siyo kila safari ya famasi. Estrojeni ya mwezi mmoja mmoja ni malipo 12 kwa mwaka: pauni 118.80. Daktari wako wa mtaa akikubali kuandika ya miezi mitatu, malipo ni manne: 39.60. Cheti cha mwaka cha dawa za homoni, kilichoanza Aprili 2023, ni pauni 19.80. Ukichukua dawa mbili kimesharudi. Kuanzia ya tatu huna deni. Kiliwekwa kwa ajili ya wanawake waliokoma hedhi, lakini kinachoangaliwa famasini ni kama dawa yako imo kwenye orodha.

Wanaume wanaotumia testosteroni, msikinunue. Dawa yenu haimo. Sindano ya muda mrefu huchomwa kila wiki 10 hadi 14, yaani mara nne au tano kwa mwaka, haizidi 49.50. Lipeni kila mara. Cheti cha kawaida cha dawa zote ni 114.50, na kinafaa tu ukichukua dawa 12 au zaidi kwa mwaka, labda una presha au pumu juu ya homoni. Mtu wa jeli ya testosteroni ya kila mwezi ataokoa pauni nne tu kwa cheti hicho. Bora amwombe daktari amwandikie ya muda mrefu.

Aliyeko Scotland, Wales au Ireland ya Kaskazini halipi kitu.

Sasa gharama zilizojificha. Wenye viza tulilipa ada ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, tukadhani dawa imo humo. Haimo. Mwenye kipato kidogo ajaze fomu ya HC1 kwanza, kwa sababu akikubaliwa msamaha kamili, dawa ni bure na hahitaji cheti.

Ya pili iliniuma mwenyewe. Kabla ya upasuaji nilikuwa na dawa mbili: estrojeni na ile ya kuzuia testosteroni. Korodani zikishatolewa, ya kuzuia haina kazi tena. Hakuna aliyeifuta kwenye orodha yangu, nami sikuuliza. Nililipa miezi mitano, pauni 49.50, hadi mfamasia mmoja aliponiuliza kwa upole hii ya pili ni ya nini. Ukitoka hospitali, kaa na daktari mpitie orodha dawa kwa dawa.

Kuna madaktari wa mtaa wanaosita kuandika homoni. Usiende kwao mikono mitupu. Dai hospitalini barua ya kuruhusiwa inayotaja dozi, kiwango kinachotakiwa kwenye damu na vipimo vya mara ngapi. Wakikataa, omba jibu kwa maandishi, kisha hamia kituo kingine; kujiandikisha ni bure. Kwa daktari binafsi utalipa kumwona, utalipa vipimo, utalipa dawa kwa bei ya duka, na vyeti vya NHS havifanyi kazi huko. Mtumie kama daraja la miezi michache tu. Lakini usikae bila dawa: mwili usio na tezi za uzazi hautengenezi homoni za kutosha, na mifupa ndiyo inayolipa.

Vidonge, plasta au jeli? Kwa NHS bei ni ile ile, kwa hiyo chagua kwa afya na mazingira. Vidonge ni rahisi kubeba lakini huongeza hatari ya damu kuganda kuliko dawa ya kupitia ngozi. Mvutaji sigara na aliyevuka miaka 40 wavikwepe. Plasta hubadilishwa mara mbili kwa wiki. Jeli ni ya kila siku, na mwaka 2022 iliadimika England nzima, kwa hiyo usingoje chupa iishe ndipo uagize.

Ukienda likizo Matombo, mambo hubadilika. Jasho la kupanda kutoka barabarani hadi nyumbani hubandua plasta; beba za ziada. Jeli ina spiriti, iweke mbali na jiko la mafiga, na usibebe mtoto kabla haijakauka mkononi. Usitegemee kupata dawa yako kituo cha afya au hata mjini. Omba ya miezi mitatu kabla ya kusafiri, iache ndani ya boksi lake lenye jina lako, uiweke kwenye begi la mkononi. Barua ya daktari itaje dawa na dozi tu. Historia yako haina haja ya kuandikwa humo.

Turudi kwenye cheti cha homoni. Kama ulishalipa hivi karibuni, kinaweza kuanza hadi mwezi mmoja nyuma na ukarudishiwa fedha, ila kwa risiti ya FP57. Iombe papo hapo unapolipa. Ukishaondoka dirishani, hawakupi tena.