Ndoano kando ya gati: mama tilapia na chandarua

Mchimbaji wa Rubaya anaijua sahani yake ya jioni: bugali, sombe, na sambaza kidogo juu kama makuta yamepatikana. Samaki hao wanapanda kutoka Ziwa Kivu kupitia Sake, juu ya pikipiki na magari yanayobeba kila kitu. Na wengi wanasahau kwamba ziwa lenyewe linagusa Masisi: Sake, Kirotshe, Shasha, Bweremana, kote huko ni udongo wa teritware yetu.

Kazi ya shimo inapokatika, juu ya mvua ao juu ya vita, vijana wengi wanashuka ziwani kutafuta mboga ya watoto. Wengine wanashuka na kamba na ndoano, wanaketi kando ya gati, ile tunayoita debarkaderi. Wengine wanashuka na chandarua cha mbu. Leo tunaacha bei ya koltani kwa wenye kontwari, tuzungumze juu ya hao wawili.

Kwanza ziwa. Kivu lina kina cha karibu mita 485, lakini samaki hawakai humo mote. Chini kumejaa gesi, metani na gesi ya kaboni, na hewa ya kupumua haiko. Kwenye ziwa kubwa samaki anaweza kushuka kiasi cha mita 60 hivi, kufuatana na majira. Kwenye ghuba ya Kabuno, ile inayotazama Sake, ni mita 10 ao 11 tu, basi. Kupita hapo ni kama kuingia shimo ambamo mshumaa umezimika, na mchimbaji hana haja ya kuelezwa maana yake. Kwa hiyo samaki wa Kabuno wanaishi kwenye ngozi ya maji, na wale wa kando wamebanwa zaidi: juu kuna jua na ndege, chini kuna gesi, na pembeni tuko sisi.

Sambaza hatafutwi kwenye gati. Huyo ni mgeni aliyezoea: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, pamoja na ndugu yake mwingine ambaye hakushika. Anakaa katikati ya ziwa na usiku anafuata taa, ndiyo maana tunaona ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ikitoka jioni na nyimbo zake. Ndoano haimsumbui.

Wa gati ni tilapia. Yuko pia kambale, pale penye matope na matete. Yuko na samaki mwembamba anayeng'aa, naye wa Tanganyika, aliyeonekana Kivu kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Anapenda mawe, na ng'ambo walimpa jina la Rwanda rushya. Samaki mkubwa anayekula wenzake, kama capitaine wa Tanganyika na wa Ziwa Albert, huku Kivu hayuko. Kule Naivasha, Kenya, wazungu waliweka tangu miaka ya 1920 samaki wa Marekani anayeitwa bass, na walobaji wake wanamtafuta kivulini chini ya magati, juu ya yeye ni mwindaji anayejificha. Tilapia wetu anakuja gatini kwa njaa ya namna nyingine. Anakula ule utelezi wa kijani ulioshika mawe na nguzo, na anaokota mabaki: akina mama wanasafisha sufuria, magunia ya mahindi na unga yanapakuliwa, na kila punje inayoanguka ina mwenyewe.

Basi anayeloba tilapia afuate hayo. Aje asubuhi mapema, ao kuanzia saa kumi jioni wakati boti zimepungua na maji yametulia. Ndoano iwe ndogo, mdomo wa tilapia si mkubwa. Chambo ni mnyoo wa udongo, ao bugali la jana lililofinyangwa mpaka likawa gumu. Kipande cha bua kavu kinatosha kuelea na kuonyesha. Chambo kishuke kando kabisa ya nguzo ao ya jiwe. Na mtu aketi chini, kivuli chake kisianguke majini; tilapia ana macho. Bua likitikisika kidogo usivute, huyo bado anaonja. Likianza kwenda pembeni, vuta.

Sasa mama tilapia. Dume anachimba shimo la duara kwenye mchanga, mahali pa maji mafupi, na jike anataga humo. Kisha jike anayachukua mayai yote mdomoni mwake, na watoto wakitoka anaendelea kuwalinda humo humo mdomoni. Kazi hiyo inaweza kufika wiki mbili, na siku hizo karibu hali kitu. Kumbe ndoano ina huruma yake: mama mwenye watoto hafungui mdomo kwa ajili ya mnyoo, anaupita tu. Anayekamatwa ni yule aliye huru kula.

Chandarua hakiulizi. Kinavutwa kwenye maji mafupi, pale pale penye mashimo ya mchanga, na kinatoka na mama, watoto, mayai, vyote katika beseni moja. Tena vyandarua vingi vina dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki. Nyumbani nako kitanda kimebaki wazi, mtoto anapata malaria, na pesa ya beseni inaenda kwa famasi.

Hatutaki kumtukana mama aliyekimbia vita na kufika Shasha na watoto watano bila shamba. Anavuta anachokipata. Lakini tunaonunua, sisi wa soko, tunajua vizuri tunachonunua tunapochukua vidagaa wadogo kama uzi, kumi mdomoni kwa mara moja. Upande wa Rwanda wanafunga uvuvi wa sambaza karibu miezi miwili kila mwaka. Kwetu, wakati hata barabara haina mwenyewe mmoja, ni nani atakayefunga ziwa? Ndiyo sababu tunaongea na wanunuzi kwanza.

Kwa anayetuma mtoto kuloba, hatari ni mbili. Ya kwanza ni maji yenyewe. Sehemu nyingi za Kivu hazishuki polepole, hatua moja tu na chini hapapatikani. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa kufika gati la Kituku, Goma, na makumi ya watu walikufa huku walio bandarini wakiangalia. Mtoto asiyejua kuogelea aketi juu ya mawe, si ukingoni mwa gati ambapo boti zinafungwa.

Ya pili ni mazuku. Kati ya Goma na Sake ile gesi ya kaboni inatoka ardhini na kulala kwenye mabonde madogo, hata karibu na ziwa. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa, na inajaa zaidi usiku na alfajiri wakati upepo haupo. Mbuzi anaanguka kwanza, kisha mtoto aliyemfuata. Mlobaji wa alfajiri asipite kwenye mashimo ya mawe wala asilale humo akingoja kupambazuke, na akiona ndege ao panya wamekufa mahali, arudi kwa njia aliyojia. Kama mwenzake ameanguka chini, asishuke kumfuata. Ni sheria ile ile ya shimo letu.

Wasomaji wa Walikale watasema hawana ziwa. Kweli, lakini wana Osso na Lowa na vijito vyote vya msituni, na kule gati ni mti ulioanguka majini: kivuli kile kile, kambale chini yake. Huko chandarua si adui wa kwanza. Adui ni matope ya kasiteriti. Maji ya kuoshea mawe yakiachwa yashuke moja kwa moja mtoni, udongo unafunika mayai na kuziba matamvua ya kupumulia ya samaki. Wenye kuosha wanaweza kuchimba shimo mbili ao tatu mfululizo, maji yatue katika la kwanza, yamwagikie la pili, na yaingie mtoni kutoka la mwisho. Inachukua koleo na siku moja ya kazi. Na udongo uliotua humo ukioshwa tena, mara nyingi bado una kasiteriti ndani.