Kusitisha na Kurejesha Mistari ya Msimbo kwa Alama ya Maelezo: Athari zake katika Uthibitishaji wa Matokeo ya Utafiti

Maelezo katika msimbo ni matini ambayo kompyuta huyapuuza wakati wa kutekeleza programu. Katika lugha ya Python, maelezo huanza kwa alama ya # na kukoma mwisho wa mstari. Dhima yake ya msingi ni kumfafanulia msomaji. Hata hivyo, hutumika pia kusitisha amri kwa muda bila kuifuta.

Katika kihariri cha Visual Studio Code, kwa kompyuta za Windows na Linux, mtumiaji huteua mistari kisha hubonyeza Ctrl pamoja na mkwaju (/). Ikiwa mistari yote iliyoteuliwa tayari ina alama, kila mmoja huondolewa alama moja. Ikiwa hata mmoja hauna, yote huongezewa. Kwa hiyo, mstari wa ufafanuzi uliokuwa na # moja hupata mbili, na urejeshaji ukifanywa kwa uteuzi uleule hubaki na moja kama awali. Uteuzi ukibadilika, ufafanuzi huo unaweza kupoteza alama yake na kusomwa kama amri. Kosa la namna hii hujidhihirisha, kwa kuwa kwa kawaida Python huukataa mstari huo na kutoa taarifa ya kosa.

Kosa lisilojidhihirisha ndilo lenye madhara makubwa zaidi. Katika uchambuzi wa awali wa kongoo la utafiti huu, programu ya kuhesabu marudio ya maneno ilikuwa na amri ifuatayo:

sentensi = ondoa_marudio(sentensi)

Amri hiyo huondoa sentensi zilizoingizwa zaidi ya mara moja. Mtafiti aliisitisha ili jaribio liende haraka, kisha akasahau kuirejesha:

# sentensi = ondoa_marudio(sentensi)

Programu iliendelea kufanya kazi bila taarifa yoyote ya kosa, na jedwali likajaa. Kasoro ilibainika pale sentensi moja ilipojitokeza mara kadhaa katika mifano. Hesabu zote zililazimika kurudiwa, na dai moja lililojengwa juu ya jedwali hilo likaachwa.

Kutokana na tajiriba hiyo, hatua mbili zilichukuliwa. Kwanza, amri inayoathiri matokeo haisitishwi kwa alama ya maelezo, bali huongozwa na kigezo chenye jina kilichowekwa mwanzoni mwa programu, na thamani yake huchapishwa pamoja na kila jedwali. Pili, kila toleo la programu lililozalisha jedwali limehifadhiwa kwa Git, mfumo wa kutunza matoleo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005.

Kwa mantiki hii, alama moja ya # ni sehemu ya mbinu za utafiti. Mtahini anayekagua jedwali anastahili kujua ni amri zipi zilitekelezwa na zipi zilisitishwa.