Ukadiriaji wa Kati katika Kumbukumbu za Maji ya Bahari

Ukadiriaji wa kati ni njia ya kupata thamani isiyopimwa kwa kutumia thamani mbili zilizopimwa, moja kabla yake na nyingine baada yake. Kwa mfano, kimo cha maji kikiwa mita 1.20 saa 2.00 asubuhi na mita 1.80 saa 3.00, saa 2.20 itakuwa theluthi ya muda huo. Hivyo theluthi ya tofauti, yaani mita 0.20, huongezwa na jibu huwa mita 1.40. Katika lugha ya kompyuta iitwayo Python, kitendakazi interp cha maktaba ya NumPy hukokotoa maelfu ya thamani za namna hii kwa mara moja.

Hata hivyo, kitendakazi hicho hakina habari ya bahari. Katika pwani ya Kenya, baina ya kujaa kwa maji na kujaa kunakofuata hupita takriban saa 12 na dakika 25. Iwapo kumbukumbu zimehifadhi nyakati za kujaa pekee, mstari utaunganisha vilele viwili, na kupwa kutatoweka kabisa. Nahodha ataonyeshwa maji tele mahali penye mwamba mkavu. Aidha, baada ya kipimo cha mwisho, kitendakazi hurudia thamani ile ile bila ya kutoa onyo.

Kwa hiyo, vipindi vya kupima sharti viwe vifupi sana kuliko mwendo wa mabadiliko yenyewe, na kila thamani iliyokadiriwa itiwe alama ya kuitenga na iliyopimwa.