Matumizi ya kumbukumbu katika Windows Vista
Windows Vista ni mfumo wa uendeshaji wa kompyuta wa kampuni ya Microsoft ya Marekani, uliotolewa kwa umma tarehe 30 Januari 2007. Ulijulikana hasa kwa kula kumbukumbu, yaani RAM, na kuzifanya kompyuta za wakati ule kuwa nzito.

Windows XP ya mwaka 2001 iliweza kufanya kazi kwa megabaiti 64. Vista ilihitaji angalau 512, na gigabaiti 1 kwa matoleo yake makubwa. RAM ikijaa, mfumo huhamishia sehemu ya data kwenye diski kuu, ambayo ni ya polepole zaidi. Ndiyo maana taa ya diski huwaka mfululizo huku kishale kikigoma kusogea.

Hata hivyo, si kila RAM iliyojaa ni kasoro. SuperFetch, sehemu mojawapo ya Vista, ilipakia mapema programu zinazofunguliwa mara kwa mara, na kuiachia nafasi hiyo ilipohitajika kwingine. Wengi walidhani ni hitilafu, ilhali RAM tupu haimsaidii mtu.

Lawama yenye uzito ni nyingine: baadhi ya kompyuta ziliuzwa na kibandiko cha "Windows Vista Capable" wakati ziliweza kuendesha vema toleo la chini tu, Home Basic, lisilo na madirisha yanayong'aa kama kioo. Wanunuzi walifungua kesi Marekani mwaka 2007.