Simu za Siri: Nani Amezikagua?

Katika wilaya ya Dowa nchini Malawi, si mbali na jiji la Lilongwe, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Humo wanaishi maelfu ya watu waliotoka Kongo ya Mashariki, ambao husema na jamaa zao kwa simu za intaneti. Mwezi Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, askari wa Malawi, Tanzania na Afrika Kusini walikuwa katika eneo hilo chini ya bendera ya SADC. Mkimbizi wa Dzaleka na askari aliye vitani walikuwa na haja moja: kusema na nyumbani pasipo adui kusikia.

Zipo programu, mojawapo ikiitwa Signal, ambazo huigeuza sauti kuwa fumbo ndani ya simu ya msemaji, na fumbo hilo hufumbuliwa ndani ya simu ya msikilizaji peke yake. Tena maandishi ya mafundi walioitunga yamewekwa wazi, asomaye na asome. Wengi wakisikia hivyo hutosheka.

Lakini kuwekwa wazi ni ruhusa ya kukagua, wala si ukaguzi wenyewe. Mwaka 2014 lilifichuliwa kosa kubwa katika OpenSSL, programu ya wazi inayolinda mawasiliano duniani kote. Kosa hilo lilikuwa limekaa mbele ya macho ya watu kwa takriban miaka 2. Hapana budi kuuliza ni nani aliyekagua, na lini. Tena je, programu iliyomo simuni ndiyo hiyo iliyokaguliwa, au ni faili tu lililorushwa na rafiki ili kuokoa bando?

Mashine iliyofungwa nayo ina balaa lake. Kampuni ya Crypto AG ya Uswisi iliuzia serikali zaidi ya 100 mashine za siri. Mwaka 2020 ikabainika kwamba tangu 1970 ilimilikiwa kwa siri na majasusi wa Marekani na Ujerumani Magharibi. Wateja walilipa fedha nzuri ili wasikilizwe!

Jambo jingine ni kumbukumbu zinazobaki kwa mwenye huduma. Mwaka 2016 Signal ilitakiwa kisheria nchini Marekani kutoa habari za mteja. Ikatoa tarehe ya kujiandikisha na ya mara ya mwisho kuunganishwa, kwani haikuwa na zaidi. Ushahidi huo una uzito kuliko matangazo.

Hata hivyo fumbo halifichi mahali simu ilipo, mnara unajua. Wala halimzuii mtu kumkaribisha asiyehusika, kama ilivyowapata wakuu wa Marekani Machi 2025, walipomwingiza mwandishi wa habari katika kundi lao la Signal lililojadili mashambulizi ya Yemen. Kwa kila wasemaji wawili, Signal huonyesha tarakimu 60, ambazo hupaswa kulingana katika simu zote mbili. Askari na mkewe wazilinganishe uso kwa uso kabla ya safari.